Tibet ukiwa hujisikii vizuri: namna ya kupita miji na monasteri zake

Lhasa iko kama mita 3,650 juu ya usawa wa bahari, pungufu kidogo tu ya kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, yenye mita 3,720. Horombo unafika kwa miguu, siku ya pili ya safari, huku mwongozaji anakukumbusha pole pole kila ukivuta hatua ndefu. Lhasa unashushwa na ndege iliyotoka Chengdu, mji wa mita 500 hivi, baada ya saa mbili na ushei angani. Mwili haujapewa taarifa yoyote. Panga safari yako ukijua kwamba kuna siku utaumwa kichwa, utakataa chakula na utakesha, na kwamba siku hizo zina nafasi yake kwenye ratiba kama zilivyo siku za kutembea.

Kuna jambo ambalo aliyezoea mlima wetu hulikosa. Kilimanjaro mgonjwa anashushwa: kutoka kambi ya Kibo hadi Horombo ni karibu mita 1,000, na kazi hiyo humalizika kwa saa chache. Uwanda wa Tibet hauna chini ya karibu. Unaweza kuendeshwa kutwa nzima na jioni bado uko mita 4,000. Na ukizidiwa kule Everest, ili ushuke ni lazima kwanza upande, maana barabara ya kurudi inavuka milima miwili mirefu kuliko pale ulipougulia. Ndiyo maana uamuzi wa wapi utaishia hufanywa mapema, mbele ya ramani, kichwa kikiwa hakiumi.

Mimi si daktari. Yanayohusu dawa hapa chini, yapitishe kwa daktari wako kabla hujayafuata.

Hatua ya 1: Uliza kama safari hii ni yako

Naanza na selimundu (sickle cell), kwa sababu miongozo mingi ya Tibet haikuandikwa kwa ajili ya watu wetu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande huko, basi. Aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani haumwi chochote, kwa kawaida huenda na kurudi salama, lakini wapo ambao bandama lao limepata madhara kwenye mwinuko kwa sababu hiyo. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto. Kama hujui uko kundi gani, pima kabla ya kukata tiketi.

Wengine wa kumwona daktari kwanza ni wenye ugonjwa wa moyo au mapafu, presha isiyotulia, wajawazito, na yeyote aliyetoka kwenye nimonia au mafua makali wiki hizi. Pumu iliyodhibitiwa si kizuizi, ila jiandae kwa vumbi, baridi na moshi wa ubani.

Kisha wakala. Mgeni haruhusiwi kujiendea tu katika Mkoa wa Kujitawala wa Tibet, hata kama ni mwanafunzi mwenye kibali cha kuishi China. Anahitaji kibali cha Tibet kinachoombwa na wakala, mwongozaji, na ratiba iliyoandikwa. Kwa kawaida mkoa hufungwa kwa wageni kuanzia mwisho wa Februari na Machi yote. Kabla ya kulipa, muulize wakala kwa maandishi: nikishindwa kuendelea na kundi nikiwa Shigatse, mji wa njiani kuelekea Everest, nitabaki na nani? Gari lina mtungi wa oksijeni, au makopo tu? Nikitaka kuondoka siku tatu kabla, nani anabadilisha tiketi na kwa gharama ya nani? Wanaoingia kutoka Kathmandu husafiri kwa viza ya kundi, karatasi moja kwa watu wote, na kumtoa mtu mmoja ndani yake ni shughuli. Wakala anayejibu maswali haya kwa "usiwe na wasiwasi" mpe mkono wa kwaheri.

Bima nayo isome hadi maandishi madogo. Nyingi zina kikomo cha mwinuko, na kikomo cha mita 4,000 hakikusaidii barabara ya Everest.

Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wa chini

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usianzie Lhasa. Anzia Xining, mji mkuu wa Qinghai, wenye mita 2,200 na kidogo. Kaa siku mbili tatu, uzuru monasteri ya Kumbum ambayo Wachina huiita Ta'er, iliyo karibu na mji. Kutoka hapo panda treni. Sehemu ya mwisho ya reli ya Qinghai–Tibet, kutoka Golmud, ilifunguliwa Julai 2006. Safari ya Xining hadi Lhasa huchukua saa 21 hivi, na ndani ya mabehewa kuna oksijeni. Usidanganywe lakini kwamba treni inakuzoesha mwinuko. Inapita Tanggula, mita 5,072, na hukaa juu ya mita 4,000 kwa masaa mengi, hivyo wapo wanaoshuka Lhasa wakiwa hoi kuliko waliokuja na ndege. Faida iko kwenye zile siku za Xining.

Mlango mwingine ni Nyingchi, mashariki mwa Tibet, karibu mita 3,000. Kuna uwanja wa ndege, misitu, na tangu 2021 kuna reli ya kwenda Lhasa.

Na kama afya yako ina mashaka tangu mwanzo, ushauri wangu ni kuiacha Lhasa kwa mwaka huu. Watibeti hawaishi ndani ya mkoa huo tu. Xiahe, katika mkoa wa Gansu, iko mita 2,900 hivi, na ndipo ilipo Labrang, monasteri iliyoanzishwa 1709 na mojawapo ya kubwa kabisa za Watibeti. Imezungukwa na ukumbi mrefu wa magurudumu ya sala, na mahujaji huanza kuyazungusha kabla hakujapambazuka. Huhitaji kibali cha Tibet kufika huko. Ukiugua, gari linakushusha hadi Lanzhou, mita 1,500, kwa saa chache, na chini kabisa kweli ni chini. Tongren, ambayo Watibeti huiita Rebkong, iko mita 2,500 hivi na ni kitovu cha wachoraji wa thangka, ile michoro ya kidini ya kwenye kitambaa. Usivutwe tu na picha za Litang, iliyovuka mita 4,000, wala usitue kwa ndege Daocheng Yading: kile ni kiwanja cha mita 4,411, kilicho juu kuliko vyote vya abiria duniani.

Hatua ya 3: Funga mfuko wa dawa nyumbani

Acetazolamide, maarufu kama Diamox, ndiyo dawa inayotumika zaidi kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitafanya ganzi, soda itaonja vibaya, na utakwenda msalani mara kwa mara. Hayo ni ya kawaida. Ni jamii ya salfa, kwa hiyo kama Septrin au SP iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, mwambie daktari kabla hajaiandika. Inunue kabla ya safari, usitegemee kuipata duka la dawa la Lhasa. Utakachouziwa huko kwa wingi ni hongjingtian, dawa ya mitishamba. Wachina wengi huiamini, nami sina ugomvi na anayeinywa, mradi asiiweke mahali pa Diamox.

Ongeza paracetamol na ibuprofen, pakiti za ORS, dawa za kuhara alizokuandikia daktari, barakoa, vaselini na kipimajoto. Kipimajoto kitakuokoa kuliko vyote, na sababu nitaieleza. Hewa ya huko ni kavu mno, pua hutoka damu na midomo kupasuka, kwa hiyo vaselini paka ndani ya pua kila usiku. Mwenye pumu abebe pampu yake mfuko wa ndani, karibu na mwili, isipate baridi.

Halafu kitu ambacho hutakiona kwenye orodha ya msafiri wa Ulaya: kipimo cha haraka cha malaria na dozi kamili ya mseto, ikiwa umetoka nyumbani karibuni.

Hatua ya 4: Siku mbili za mwanzo, usitafute sifa

Uwanja wa ndege wa Gonggar uko kilomita 60 hivi kutoka Lhasa. Ukifika hotelini, acha mzigo ubebwe na wengine. Usipande ngazi bila sababu, usinywe pombe, hata chang, ile pombe yao ya shayiri inayoonekana laini. Waongozaji watakukataza kuoga maji ya moto usiku wa kwanza wakihofia upate baridi. Sayansi yake siwezi kuiapia, lakini kutii hakugharimu kitu.

Hamu ya chakula itakimbia. Usijilazimishe nyama. Hoteli nyingi asubuhi huwa na uji mweupe wa mchele, laini, usio na sukari, na mgonjwa wa Tanga au Mombasa ataupokea bila kuelekezwa. Mchana agiza thukpa, supu ya tambi, uombe isitiwe pilipili. Waislamu wasihangaike: Lhasa ina Waislamu wake wa miaka mingi na misikiti, na migahawa ya halali ina kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu.

Chai ya siagi ina chumvi na mafuta, na tumbo lenye kichefuchefu huikataa. Mwenyeji atakujazia kikombe kila ukipunguza, hivyo onja kidogo, kiache kimejaa, ukinywe wakati wa kuaga. Chai tamu ya maziwa ni habari nyingine kabisa. Nyumba za chai za Lhasa zina meza ndefu na mabenchi. Unakaa na usiowajua, unaweka noti ndogondogo mezani mbele yako, na mama mwenye birika anapita akijaza glasi na kuchukua haki yake kwenye zile noti, bila maneno. Ni mahali pazuri pa kumalizia mchana ukiwa huna nguvu. Umeona watu, umekunywa maji, hukupanda ngazi hata moja.

Usiku utashtuka umekosa pumzi, au mwenzako atakuambia ulikuwa unapumua, unanyamaza, kisha unavuta kwa nguvu. Kwenye mwinuko hilo ni la kawaida. Inua kichwa kwa mito miwili. Dawa za usingizi usiziguse, maana hupunguza upumuaji wakati ambapo mwili unauhitaji zaidi.

Hatua ya 5: Jua unaumwa nini

Hapa ndipo watu huponea au kupotelea. Tibet kila maradhi hubatizwa jina moja. Ukimwambia mwongozaji unaumwa, atasema *gaoyuan fanying*, yaani mwinuko, na mara nyingi atakuwa sahihi. Zile mara chache anapokosea ndizo za kuogopa.

Anza na kipimajoto. Kichwa kinauma, chakula hakipiti, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu, na joto la mwili ni la kawaida: huo ni mwinuko wa kawaida. Kanuni ni moja, usilale juu zaidi ya ulipolala jana mpaka dalili ziishe. Paracetamol, maji, kupumzika, na baada ya siku moja au mbili wengi huamka wazima. Zikizidi badala ya kupungua, shuka.

Homa kali si tabia ya ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Ikiwa ulikuwa Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura ndani ya wiki kadhaa zilizopita na sasa unatetemeka kwa homa mjini Shigatse, fikiria malaria kabla ya kingine chochote. Daktari wa pale ana kila sababu ya kutoifikiria: Juni 2021 Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria, na kwenye uwanda ule wa baridi mbu si tatizo la mtu. Jipime, kisha nenda hospitali hata kikisoma hasi, na mwonyeshe daktari maandishi haya kwenye simu: 疟疾. Ni malaria kwa Kichina. Mwambie umetoka Afrika na lini. Cha kushangaza ni kwamba nchi inayoweza kuisahau malaria yako ndiyo iliyowapa wagonjwa wa kwetu artemisinin. Tu Youyou alipata Nobel yake mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Mafua na kikohozi usivipuuze. Nyumbani ungekwenda nayo kazini. Kwenye mita 4,000, maambukizi ya njia ya hewa yanaongeza hatari ya maji kujaa kwenye mapafu. Dalili za hatari hiyo zishike kwa moyo: unahema ukiwa umekaa tu, kifua kinabana, unakohoa, na baadaye makohozi yenye povu au rangi ya waridi. Mara nyingi huanza usiku wa pili na kuendelea, baada ya mtu kudhani ameshazoea. Dada yake ni ubongo kuvimba: mgonjwa anayumba, anaongea ovyo, anakuwa mkali au anasinzia mno. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, hakuna mjadala. Oksijeni, na kushuka, usiku huohuo. Mgonjwa wa namna hii asiachwe peke yake chumbani "apumzike", wala neno lake kwamba yuko sawa lisiaminiwe.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada. Vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidole vimeonekana kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na kidole chenye rangi ya kucha au piko huvuruga zaidi. Mjini Lhasa kusoma chini ya 90 si ajabu hata kwa mzima, kwa hiyo usitishwe na namba moja, wala usitulizwe nayo. Angalia mwelekeo wake: jana ilikuwa ngapi, leo ngapi, na mtu anahema vipi. Midomo ya bluu inayotajwa vitabuni kwetu haionekani kirahisi. Chungulia ndani ya mdomo, ulimi, na chini ya kucha.

Tumbo ndilo la mwisho na ndilo jepesi. ORS, uji, mapumziko. Maji huchemka Lhasa yakiwa kwenye nyuzi 88 hivi, na bado yanaua vijidudu, kwa hiyo maji ya chupa ya chai ya hotelini ni salama. Kuhara damu, au kuhara pamoja na homa, kunahitaji daktari. Vyoo vingi njiani ni vya kuchuchumaa na havina karatasi wala maji, beba vyako.

Hatua ya 6: Chagua monasteri kwa hali uliyoamka nayo

Usifuate ratiba ya wakala kama msahafu. Mwongozaji mzuri atabadilisha siku ukimwomba asubuhi, tena kwa adabu. Ongeza "la" mwisho wa jina lake, ndiyo heshima yao.

Siku ya unyonge kabisa, zunguka Barkhor, njia inayoizunguka Jokhang katikati ya mji wa kale. Ni tambarare, mzunguko ni wa kilomita moja hivi, na huendwa kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Jibanze nyuma ya bibi mmoja mwenye gurudumu la sala mkononi na ufuate mwendo wake. Hao hawana haraka. Jokhang yenyewe, hekalu la karne ya 7, haina kupanda sana, lakini vyumba vyake ni vidogo, foleni ya mahujaji hubana, kila mmoja na chupa ya siagi iliyoyeyushwa ya kuongezea taa, na sakafu huteleza kwa mafuta. Mwenye pumu au kichefuchefu asiingie siku hiyo. Nje napo kuna matanuri ya ubani wa mreteni yanayofuka tangu alfajiri. Simama upande upepo unakotoka.

Siku ya nafuu kidogo, nenda monasteri ya Sera. Ilianzishwa 1419, na inajulikana kwa mijadala ya watawa uani, kwa kawaida alasiri za siku za kazi, kama saa tisa hivi. Mmoja anakaa chini, mwenzake anasimama mbele yake, anauliza, anainua mguu, anapiga kofi la kishindo na kukanyaga kwa pamoja, kama vile swali lenyewe linamwangukia aliyekaa. Hujui neno hata moja na bado utajua nani anashindwa. Mgonjwa hapa anakaa kivulini, pembeni ya ua, saa nzima, na hakuna anayemwona mvivu.

Potala, jumba la kale la Dalai Lama lililo juu ya kilima, iache siku ya tatu au zaidi. Tiketi ina saa yake na jina lako, na ngazi ni mamia. Ukishaingia njia ni ya upande mmoja, hugeuki katikati. Maji husumbua kwenye ukaguzi, hivyo kunywa kabla. Ukiamka na kichwa kizito siku ya tiketi yako, acha tiketi ipotee. Jumba linaonekana vizuri sana kutoka uwanja ulio mbele yake, na Norbulingka, bustani ya majira ya joto ya Dalai Lama, ni tambarare na ina miti.

Drepung, ya 1416, imetandazwa kwenye mteremko wa mlima. Panda hadi jiko lake kubwa na ukumbi mkuu, kisha rudi, yaliyo juu zaidi hayakudai. Ganden iko mita 4,300 na inaonekana ni safari fupi tu kutoka Lhasa, ndiyo maana inawaangusha wageni wa siku ya pili. Kwenda na kurudi bila kulala ni sawa ukiwa mzima. Ukiwa mgonjwa, badala yake nenda Samye, kando ya mto Yarlung Tsangpo, mita 3,500 na kitu, monasteri ya kwanza ya Tibet, iliyojengwa karne ya 8 kwenye bonde lililo wazi.

Ndani ya monasteri yoyote: vua kofia hata kama masikio yanaganda, pita kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukiviacha vitakatifu upande wako wa kulia, usikanyage kizingiti, usikalie mito ya watawa. Ukihitaji kukaa, mwonyeshe mtawa ishara ya kichwa kuuma. Mara nyingi utaonyeshwa benchi karibu na mlango, na miguu usiielekeze kwa sanamu. Kikohozi kifunike kwa barakoa. Na mfuko wa plastiki uwe mfukoni daima, maana kutapika kunakuja bila hodi.

Hatua ya 7: Shigatse ndiyo njia panda

Kutoka Lhasa kwenda Shigatse kuna barabara mbili, na kwa mgonjwa tofauti yake ni kubwa. Ya kusini ndiyo ya picha: inapanda Kamba La ("La" hapa ni njia ya kuvuka mlima), karibu mita 4,800, inapita ziwa Yamdrok, mita 4,441, kisha Karo La, zaidi ya mita 5,000, ndipo unafika Gyantse. Ya kaskazini inafuata mto, haipandi sana kuliko miji yenyewe. Mwombe dereva ya mto. Au panda treni ya Lhasa–Shigatse, iliyopo tangu 2014, muda wa saa tatu hivi. Ukifika Gyantse ukiwa mzima, stupa ya Kumbum, mnara mtakatifu wa Kibudha (si ile monasteri ya karibu na Xining), iliyoanza kujengwa 1427, ina vyumba vingi vya michoro na ngazi nyembamba zilizosimama wima. Ghorofa mbili za chini zinatosha.

Shigatse, mita 3,840 hivi, ina Tashilhunpo, monasteri ya 1447, makao ya Panchen Lama, mmoja wa viongozi wakuu wa dini ya Watibeti, yenye sanamu ya Jampa, yaani Buddha ajaye, ya mita 26. Ina pia hospitali, reli na uwanja wa ndege. Mbele yake hakuna mji wenye vitu hivyo. Kwa hiyo lala Shigatse siku mbili, na asubuhi ya kuondoka jiulize: usiku nimelala? nimekula? nahema nikiwa nimekaa? kuna homa? Jibu baya moja tu linatosha kubaki.

Najua ugumu wake. Mtu amelipa, amekuja kuiona Everest, na kundi liko ndani ya gari linamsubiri. Lakini monasteri ya Rongbuk iko mita 4,980, sawasawa na kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, ambako hakuna mtu mwenye akili anayelala akiwa mgonjwa. Njiani utavuka Gyatso La, zaidi ya mita 5,200, na Pang La, zaidi ya 5,100, na ndizo hizohizo utakazozivuka kurudi. Wale wanaokwenda wakiwa na nafuu ya mashaka walale bonde la Tashi Dzom, wapande Rongbuk mchana, wapige picha, washuke. Makopo ya oksijeni ya dukani huisha kwa dakika chache. Yanatuliza hofu zaidi ya mapafu. Mtungi wa gari ndio wa kutegemea, na hata huo ni wa kukufikisha chini, haukupi ruhusa ya kubaki juu.

Ukiugua ukielekea mpaka wa Nepal, mpango wa kushuka ni Gyirong, bonde la misitu lenye mita 2,800 hivi. Muulize mwongozaji mnapopita njia panda ya huko, ili jina hilo lisiwe geni usiku wa shida.

Hatua ya 8: Hospitalini

Namba ya gari la wagonjwa ni 120. Kama mwongozaji ana gari, mara nyingi gari lake ndilo la haraka. Beba pasipoti, nakala ya kibali na pesa taslimu kidogo, ingawa malipo mengi ni ya simu kwa Alipay au WeChat. Unganisha kadi yako kabla hujaondoka mjini kwenu. Utaratibu ni wa kujiandikisha dirishani, kulipa, kumwona daktari, kulipa tena kwa vipimo, kurudi kwa daktari, kulipa dawa. Mgonjwa akae, mzima ndiye apange foleni. Dripu utawekewa upesi. Uliza ni ya nini, na taja mzio wako na dawa zote unazokunywa, Diamox ikiwemo. Kipimo cha selimundu wao wenyewe hawatakiomba, hivyo sema kama wewe ni mbebaji.

Karibu na Barkhor kuna Mentsikhang, taasisi ya tiba ya Kitibeti iliyoanzishwa 1916, ambako tabibu anasoma mapigo ya mkono na kukupa vidonge vyeusi vya kutafuna. Kwa magoti na tumbo la muda mrefu, nenda ukajionee. Mwenye maji kwenye mapafu apelekwe kwenye oksijeni moja kwa moja.

Akizidiwa Lhasa, dawa yake ni ndege ya Chengdu, akipewa oksijeni hadi uwanjani, kwa idhini ya daktari. Huko chini mwinuko wa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, na mtu anaweza kufikiria kupanda tena taratibu. Aliyepata maji ya mapafu au uvimbe wa ubongo asirudi juu safari hii. Stakabadhi zote, pamoja na ile yenye muhuri inayoitwa *fapiao*, zidai kabla ya kutoka hospitalini, maana kuzipata ukiwa umesharudi Arusha ni kazi ngumu, na bima hailipi bila hizo.